Vumbi na Meno ya Gia

Ndugu zangu wafanyakazi wa machimbo ya mawe,

Leo nasema juu ya giaboksi. Vumbi la mawe likiingia ndani huchanganyika na mafuta, na mafuta hayo husaga meno ya gia kama msasa.

Basi shikeni haya. Kabla ya kufungua kifuniko cha mafuta, panguseni pande zote kwa kitambaa safi. Mkebe na faneli zifunikwe daima. Tundu la kupumulia lisizibwe na vumbi. Likizibwa, hewa ya ndani ikipata joto husukuma mafuta nje penye sili. Mkiona chembe za chuma katika mafuta, mwiteni fundi upesi.

Lakini haya yote yafanywe mashine imesimama, swichi imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayefanya kazi. Mimi nilipokuwa kijana niliamriwa kupangusa gia zikizunguka, ati kazi isichelewe. Kitambaa kilinaswa, mkono wangu ulipona kwa bahati tu.

Ndugu, kusimamisha mashine ili kuisafisha si uvivu, ni kazi. Tuidai nafasi hiyo kwa umoja. Gia hununuliwa, vidole havinunuliwi.