Faili ya .dat: Video ya Harusi au Barua?



Siku hizi fomu za kazi, stakabadhi za zabuni, hata ratiba ya mazishi, hufika kwa simu au baruapepe. Faili ikikataa kufunguka, mwenyewe hudhani imeharibika, akaifuta. Mara nyingi ni nzima. Kompyuta tu haijui iifungue kwa programu gani.

Kompyuta huangalia herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho katika jina. Herufi .jpg hazina utata. Taabu huletwa na zile zinazotumika kwa kazi zaidi ya moja.

Chukua .dat. Kuanzia Maua hadi Runyenjes, nyumba nyingi zimehifadhi sidii za zamani za harusi. Ukifungua moja utakuta folda ya MPEGAV, na ndani yake AVSEQ01.DAT. Hiyo ni video, na VLC, ambayo ni ya bure, huicheza. Inakilini mapema: sidii huchakaa, na kompyuta nyingi mpya hazina pa kuitia. Lakini winmail.dat inayokuja kwa baruapepe si video. Ni Outlook imefunga viambatisho pamoja. Mwombe aliyetuma akutumie tena kama PDF.

Halafu kuna .pub. Saiba nyingi hutengeneza ratiba za mazishi na kadi za harambee kwa Microsoft Publisher, na simu haiwezi kuzifungua. LibreOffice Draw hujaribu, ingawa picha huweza kuhama mahali pake. Microsoft imetangaza kwamba itaacha kuihudumia Publisher Oktoba 2026, kwa hivyo mwenye wasifu wa mzazi wake humo aombe sasa nakala ya PDF. (Mafundi wa kompyuta nao hutumia .pub kwa funguo zao. Hiyo ni mistari michache ya maandishi tu.)

Ukibaki na shaka, tengeneza nakala, uifungue kwa Notepad, utazame mwanzo wake bila kuhifadhi chochote. Ukiona %PDF, ni PDF. Ukiona PK, huenda ni waraka wa Word, jedwali la Excel au zip. Badilisha herufi za mwisho za ile nakala, ujaribu tena.

Tahadhari moja: PK pia ndiyo mwanzo wa .apk, yaani programu ya simu. Barua ya kuitwa kazini au risiti ya faini haiji kwa .apk, anayekutumia hivyo anataka kuingia kwenye simu yako, na huko ndiko pesa zako ziliko. Kwa kompyuta, Windows huficha herufi za mwisho, kwa hivyo "barua.pdf.exe" huonekana kama "barua.pdf". Kwenye dirisha la mafaili, ingia View, kisha uweke alama kwenye "File name extensions". Ukiona .exe baada ya hapo, ifute bila kuibonyeza, umpigie simu aliyetuma.