Mwalimu na Mzigo Wake
(Maneno yaliyosemwa mbele ya walimu na wazazi wa Kanoni)



Katika sikukuu hii ya ukumbusho nimepewa kusema juu ya kazi ya mwalimu siku za taabu. Taabu zenyewe mwazijua. Mwalimu aingia darasani, watoto ni wengi kuliko madawati. Kitabu kimoja chashindaniwa na watoto watano. Mvua ikinyesha, bati lapiga kelele hata sauti haisikiki. Na msimu wa kahawa wengine hawaonekani kabisa. Basi moyo wamwambia, "Mambo yakitengenea, nitafundisha vema." Neno hili lafanana na hekima, lakini ndilo liharibulo mwaka wa mtoto. Mwalimu aweza kungoja. Mtoto wa darasa la pili hawezi, maana mwaka wake ukipita haurudi.

Tuwaangalie waliotutangulia. Wamisioni wa Bethel walifika Bukoba mwaka 1910. Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914 ikawaondoa, wakabaki walimu wenyeji, ambao wengi wao elimu yao ilikuwa ya miaka michache tu. Walakini mafundisho hayakukoma.

Tena, mwezi wa Novemba 1974, viongozi wa TANU walikutana Musoma, wakaazimu kwamba kufikia mwaka 1977 watoto wote wenye umri wa shule wapate elimu ya msingi. Walimu hawakutosha. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wakifundisha na huku wakijifunza ualimu, pengine kwa redio na kwa masomo ya posta. Watu waliwacheka wakiwaita "walimu wa UPE". Ni kweli mafunzo yao yalikuwa mafupi, na upungufu ulionekana. Lakini wengi wa rika langu tulishikishwa kalamu mara ya kwanza na hao hao. Hawakungoja kutimilika ndipo waanze.

Basi, mwalimu, ugawe mzigo wako mafungu mawili. Fungu la kwanza haliko mkononi mwako: mshahara, idadi ya watoto, vitabu vinavyoletwa. Fungu la pili ni lako: kufika kwa saa, kutayarisha somo tangu jana, kumjua kila mtoto kwa jina lake. Asiyejua kusoma mkalishe karibu na ajuaye. Daftari zikikosekana, waandike herufi mchangani kwa kijiti. Mtoto asipoonekana siku tatu, usiishie kuandika katika rejesta. Mwendee mzazi wake ukamwulize.

Wala sisemi mwalimu anyamaze. Kustahimili si kuficha. Hesabu watoto, hesabu madawati, andika, upeleke mbele ya kamati ya shule. Manung'uniko ya njiani hayamfikii mtu awezaye kusaidia. Lakini hesabu iliyoandikwa hapana budi ijibiwe, na isipojibiwa, ipelekwe tena.

Nanyi wazazi, sikilizeni. Mwaka 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne. Lakini wajibu wetu haukuondolewa pamoja nayo. Mtoto anayezuiliwa nyumbani achume kahawa au alinde maharage, mwalimu atamfundisha lini? Na mwalimu mgeni akikosa nyumba kijijini petu, tusishangae akitafuta uhamisho. Tumpe pa kukaa, tumwalike nyumbani, tumwulize habari za watoto kabla ya mtihani, si baada yake.

Walimu, kesho mtakuta watoto ni wale wale na ubao ni ule ule. Chagueni kila mmoja jambo moja tu la fungu la pili, mlishike hata mwisho wa muhula. Nasi wazazi tuchague letu. Tutakapokutana tena katika kikao cha shule, tuulizane bila haya nani amelishika.