Simu Mbele ya Jukwaa: Hotuba kwa Wakazi wa Biwi na Dzaleka



Tumekuja kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza si la polisi: simu inayoinuliwa juu ya vichwa vya watu wakati muziki unapopigwa.

Tangu mwaka 2014, Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na mshairi Mkongomani Menes La Plume, huwakusanya katika kambi ya Dzaleka wenyeji na wageni, wakimbizi na Wamalawi, bila kiingilio. Mahali palipokuwa gereza kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1994 hugeuka uwanja wa ngoma. Wako wageni wanaolala katika nyumba za wakimbizi na kula chakula chao. Sisi tunaolinda mikusanyiko twajua kwamba si kila kambi duniani ina neema hiyo.

Kila mwaka wapo wanaotuuliza kwa nini simu zisipigwe marufuku. Wamesikia habari za ng'ambo, nao hawakosei. Mwaka 2014 mwimbaji Kate Bush aliwasihi mashabiki wake mjini London wasipige picha. Mwaka 2018 Jack White alifanya ziara nzima ambamo kila simu ilitiwa katika kifuko kinachofungwa, mwenyewe akabaki nacho mkononi bila uwezo wa kukifungua hadi atoke nje ya eneo la onyesho. Wasanii hao walitaka watu wawatazame kwa macho, wasiwatazame kwa vioo.

Kwetu hoja hiyo haina nguvu ya kutosha. Simu ya mtu wa Biwi ni benki yake. Fedha zake zimo katika Airtel Money au Mpamba. Ndiyo taa ya kumrudisha nyumbani usiku, na ndiyo sauti ya ndugu aliyebaki Uvira au Bujumbura. Nani atakayekabidhiwa mamia ya simu chini ya hema, na zikipotea tatu, nani atakayelipa? Isitoshe, ugomvi unapozuka, picha aliyopiga raia huweza kumtoa hatiani asiyehusika. Hatuungi mkono marufuku.

Lakini liko jambo zito kuliko adabu ya muziki. Katika umati wa Dzaleka yumo mama aliyekimbia Kivu, na huenda waliomkimbiza bado wanauliza alikoelekea. Mtoto wake anacheza mbele ya jukwaa, kijana mwenye nia njema anampiga picha, na kabla wimbo haujakwisha sura hiyo imekwisha kuvuka mipaka ambayo mama yule aliivuka kwa miguu. Hakuna polisi awezaye kuirudisha. Kwa hiyo tunaomba: elekezeni simu jukwaani, kwa msanii aliyekubali kutazamwa. Umati msiupige picha kwa karibu. Mtoto msimpige kabisa bila ruhusa ya mzazi. Na wewe mgeni uliyelazwa katika nyumba ya mtu, kitanda chake na jiko lake si maonyesho.

Hatuwezi pia kusema haya mbele ya watu wa Lilongwe kana kwamba mwaka 2023 haukupita, Serikali ilipoagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee Dzaleka. Tangu hapo wapo wanaoficha nyuso kila waonapo kamera, na wengine kila watuonapo sisi. Woga huo tunaujua, wala hatuwalaumu. Hatuendi kwenye tamasha kuhesabu nyuso. Askari atakayekutwa akiwapiga picha watazamaji kwa simu yake mwenyewe, tuleteeni habari zake.

Sasa wizi. Simu iliyoinuliwa juu ni rahisi kunyakuliwa, hasa wimbo unaopendwa unapoanza na watu wanaposukumana. Kabla ya kutoka nyumbani, bonyeza *#06#. Namba yenye tarakimu 15 itatokea. Iandike kwenye karatasi na uiache nyumbani (si ndani ya simu ileile, kama wafanyavyo wengi). Weka namba ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa. Ukiibiwa, kwanza uwaarifu watoa huduma wafunge laini na akaunti ya fedha, kisha uje kituoni na karatasi yako.

Nanyi ndugu wafanyabiashara, tangu Biwi hadi Karonga na ng'ambo ya Songwe: simu ya bei ya chini mno isiyo na risiti wala sanduku, muulizeni muuzaji ameipata wapi, na mkague namba yake kabla ya kutoa fedha. Mkiinunua huku mkijua imeibwa, mbele ya sheria nanyi mtakuwa na la kujibu.

Tunaomba maswali, tukianza na akina mama waliokaa nyuma.