Nyumba Imeungua: Bima Inadaiwaje?



Huku kwetu uwandani maji ni ya shida. Nyumba ikishika moto, majirani huja na mchanga, matawi mabichi na ndoo mbili tatu za maji ya akiba. Paa la nyasi halingoji. Na kama mmeweka salfa ya mikorosho ndani, ndiyo kabisa, maana salfa nayo huwaka na moshi wake ni sumu.

Leo sisemi juu ya kuzima moto. Nasema juu ya kesho yake, kwa yule aliyekata bima.

Bima ni mkataba. Wewe unalipa ada, kampuni inaahidi kukufidia. Ada isipolipwa, hakuna madai. Zamani lilikuwapo Shirika la Bima la Taifa peke yake. Tangu miaka ya 1990 kampuni zimekuwa nyingi, na kila moja ina mkataba wake. Basi soma wa kwako, siyo wa jirani.

Je, mkataba huo uko wapi? Wengi tunauweka sandukuni, ndani ya nyumba ileile. Nyumba ikiungua, na mkataba umeungua! Tangu mwaka 2007 tunauza korosho kwa stakabadhi ghalani, kwa hiyo hapa hakuna asiyejua kuwa karatasi inaweza kuwa magunia ya korosho. Toeni nakala ya mkataba na risiti, mkaziweke kwa ndugu wa kijiji kingine.

Haya, moto umetokea. Zimamoto hupigiwa namba 114. Siku hiyohiyo mwambie mwenyekiti wa kijiji, nenda polisi, kisha ipe taarifa kampuni. Siku za kutoa taarifa zimeandikwa katika mkataba.

Usifagie majivu. Mkadiria hasara atakuja kuangalia. Akikuta umekwisha safisha na unafyatua matofali mapya, atapima nini?

Katika fomu ya madai andika kitu kimoja kimoja: bati ngapi, milango mingapi, ulinunua lini. Kama bima ni ya jengo tu, baiskeli haimo. Wala usiongeze. Kitanda cha uongo kikigundulika, kampuni inaweza kukataa madai yote, hata ya bati zilizoungua kweli.

Lipo jambo linaloumiza watu. Nyumba ina thamani ya shilingi milioni 10. Wewe umeikatia bima ya milioni 5 ili ada iwe ndogo. Moto unakutia hasara ya milioni 4, nawe unangoja milioni 4. Kwa mikataba mingi utapewa milioni 2, kwa sababu nusu ya nyumba hukuikatia bima. Siyo wizi, imeandikwa. Lakini siku ya kuweka sahihi, nani aliisoma?

Mwisho utaletewa karatasi ya kukubali malipo. Ukitia sahihi, umekubali kwamba deni limekwisha. Usiharakishwe kuweka dole gumba. Mkono wako unajua kuandika. Kama fedha hazitoshi, andika barua uulize sababu. Wasipojibu vizuri, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Katika barua taja namba ya mkataba, tarehe ya moto na kiasi unachodai. Wiki ijayo kila mmoja alete barua ya mfano, tuzisome pamoja darasani.