Maji ya Ruaha Mkuu Katika Hesabu za Wachumi

Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya vijito vya milima ya Uporoto na Kipengere, hunywesha kwanza majaruba ya mpunga ya Usangu, kisha hupita ardhioevu ya Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na ndipo huingia bwawa la Mtera, ambalo lina mitambo ya megawati 80 na huhifadhi pia maji ya kituo cha Kidatu chenye megawati 204. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka hifadhini wakati wa kiangazi, na lawama zimekuwa zikirushwa kutoka kwa mtumiaji mmoja hadi mwingine.

Badala ya lawama, wachumi huunda modeli, yaani mfumo wa milinganyo unaolichora bonde kama mtandao wa mabanio, mifereji na mabwawa, kisha ukatafuta mgawanyo wenye manufaa makubwa zaidi bila kuvunja masharti yaliyowekwa. Kinachopimwa humo ni thamani ya mita ya ujazo ya mwisho: ikiondolewa jarubani, mpunga utapungua kwa kiasi gani, na ikifika Mtera, itafua umeme kiasi gani. Thamani hiyo huitwa bei kivuli, kwa kuwa hakuna anayeilipa sokoni.

Maji yaliyogeuka mvuke shambani hayarudi mtoni, ilhali yaliyozungusha mitambo ya Mtera huzungusha tena ile ya Kidatu na, mto ukishaungana na Rufiji, ile ya Bwawa la Julius Nyerere. Msomaji asiharakishe kuhitimisha kwamba umeme hushinda daima, kwani katika masika mema, Mtera ikiwa imejaa hadi kumwaga, mita ya ujazo ya ziada haina thamani kubwa huko, na mkulima huitumia bila kumnyima mtu. Kibali cha kutumia maji kinachotaja lita zilezile kwa sekunde mwaka mzima huificha tofauti hiyo.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 hutanguliza matumizi ya nyumbani, kisha mazingira. Kwa hiyo maji ya kunywa ya wanakijiji na ya viboko wa Ihefu hayashindanishwi kwa shilingi, bali hutengwa kabla ya mengine kugawanywa. Modeli isiyoyatenga, hata milinganyo yake ikiwa sahihi, haifai kuongoza utoaji wa vibali katika bonde hilo.