Kadi ya Kliniki na Haki ya Kuisoma: Vifupisho katika Tiba ya Kisukari



Kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara katika vikao vyetu, nayo ndiyo iliyonisukuma kuchagua mada hii. Inasema mgonjwa wa kisukari asibebeshwe FBG, RBG (sukari ya wakati wowote), HbA1c wala mmol/L, kwa kuwa hayo ni ya wataalamu. Yeye aambiwe tu kwamba sukari imepanda au imeshuka, apunguze wali na soda, ameze dawa, arudi mwezi ujao. Wanaoisema wana huruma ya kweli, na ndiyo maana inapita bila kupingwa. Mimi naipinga.

Habari ya IDDM na NIDDM, yaani kisukari kinachotegemea insulini na kisichoitegemea, jinsi majina hayo yalivyoachwa mwishoni mwa miaka ya 1990 tukabaki na aina ya kwanza na ya pili, mnaijua, siirudii. Tuiangalie kadi ya kliniki yenyewe. Ukiifungua unakuta, kwa kalamu ya bluu na mwandiko wa haraka: FBG 9.4, Met 500 BD, ins 10U. Sukari ya kabla ya kula ni 9.4, metformin miligramu 500 mara mbili kwa siku, insulini uniti 10. Sasa, atakayevuta hizo uniti 10 ni nani? Si daktari. Ni mgonjwa, alfajiri, nyumbani kwake, pengine kwa mwanga wa simu. Katika ugonjwa ambao mgonjwa ndiye mtoa dawa wa kila siku, kusema maandishi hayamhusu ni kumwachia bomba la sindano na kumnyima maelekezo yake.

Wataniambia wagonjwa wetu wengi hawakusoma. Wamesahau tulikotoka na VVU. ARV zilipoenea, kina mama ambao hawakumaliza darasa la saba walikaa kwenye benchi la kliniki wakiulizana CD4, yaani seli zao za kinga, zimefika ngapi, na kila mmoja alijua yake na alijua ikishuka maana yake nini. Walifundishwa kwa sababu tuliamini wanaweza. Kwa nini HbA1c, ambayo huonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, iwashinde?

Shangazi yangu wa Tanga alitumiwa mashine ya kupimia sukari na mwanawe aliyeko Marekani. Asubuhi ya kwanza ikamwonyesha 108. Kwenye kadi amezoea kuona 6 na 7. Hakugusa chai, alinipigia simu akaanza kuniusia mambo ya shamba na watoto. Kumbe mashine ilisoma mg/dL, na 108 ukigawanya kwa 18 unapata 6 mmol/L. Sukari yake ilikuwa nzuri. Zile herufi ndogo pembeni ya namba zilikuwa nusu ya jibu. Ndivyo pia HbA1c ya asilimia 7 na ya 53 mmol/mol zilivyo kitu kimoja.

Naomba nikae kidogo kwenye waraka ninaoupenda kuliko vitabu vingi: orodha ya vifupisho visivyotakiwa kutumika, iliyotolewa mwaka 2004 na Joint Commission, chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali za Marekani. Ni fupi, ukurasa mmoja unaitosha. Na U ya uniti imo. Wanasema U huweza kusomwa kama sifuri, kama 4, au kama cc. Ichukueni ile 10U ya kwenye kadi, muibane herufi kidogo: inakuwa 100. Kwa insulini ya U-100 hiyo ni mililita nzima, mara kumi ya dozi. IU nayo imo, kwa kuwa husomeka IV au 10. Hata sifuri ya mwisho imekatazwa, kwani 1.0 nukta ikififia ni 10. Angalieni vizuri: anayeonywa hapo ni mwandishi, yaani sisi. Mgonjwa anayejua dozi yake ni uniti 10 ndiye ngome ya mwisho kosa letu likipita.

Nakubali jambo moja. Hypo na hyper, “haipo” na “haipa” tunavyozitamka, zinakaribiana mno sikioni, ilhali moja inahitaji sukari sasa hivi na nyingine inazidishwa nayo. Hapo tuseme sukari kushuka na sukari kupanda, tumalize. Lakini hata hapo mgonjwa ajue kwamba chini ya 3.9 mmol/L, akitokwa jasho na kutetemeka, anywe kitu chenye sukari bila kusubiri mtu.

Kwa wachapishaji wa kadi: neno “uniti” na alama ya mmol/L vichapwe tayari kwenye safu zake. Kwa wanafunzi wa mwaka wa tano: kesho wodini andikeni “uniti 10” kwa ukamilifu, kisha mpeni mgonjwa kadi awasomee kabla hajaondoka.