KIFUA KIKUU KILICHOLALA: DAMU YETU INATUAMBIA NINI?

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi baada ya sala ya tarawehe)



Vijana wenzangu, wazee wetu, na mama zetu mlioko upande wa pili wa pazia. Nimeombwa nizungumze juu ya TB. Ile TB ya kukohoa wiki mbili, kutoka jasho usiku na kukonda mmeshaisikia sana redioni, sitairudia. Leo nataka tuzungumze juu ya TB iliyolala, yaani viini viko mwilini lakini mtu ni mzima kabisa. Anacheza mpira, anafunga, hakohoi, na hamwambukizi mtu yeyote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kiasi cha robo ya watu wote duniani wamewahi kuambukizwa viini hivi. Kwa hivyo tukihesabu safu za hapa tulipokaa, si ajabu wamo kadhaa. Msianze kuangaliana! Wengi wao hawataugua maisha yao yote. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 ndio huja kuugua, na hatari ni kubwa zaidi katika miaka miwili ya kwanza. Walio katika hatari zaidi ni watoto wadogo na wenye virusi vya Ukimwi. Sasa swali ni hili: utamjuaje mwenye kiini kilicholala na hana dalili hata moja?

Kwa karibu miaka 100 jibu lilikuwa kipimo cha ngozi, maarufu kwa jina la daktari Mfaransa, Mantoux, aliyekieleza mwaka 1908. Unadungwa tuberkulini kidogo ndani ya ngozi ya mkono, unakwenda zako, unarudi baada ya siku mbili au tatu uvimbe upimwe kwa milimita. Kina shida mbili. Kwanza, wengi hawarudi. Nauli mara mbili, kazi umeiacha mara mbili. Pili ni hili kovu tulilo nalo mkono wa kushoto, la chanjo ya BCG. Chanjo hiyo imetengenezwa kwa kiini ndugu wa TB, kwa hivyo mwili waweza kuivimbia tuberkulini kwa sababu ya chanjo tu. Unaambiwa una TB iliyolala, kumbe ni kumbukumbu ya sindano ya utotoni.

Basi suluhisho lilianzia wapi? Kwa ng'ombe! Ndugu zetu wa Garissa na Wajir watanielewa haraka. Kuanzia mwaka 1970 Australia ilikuwa na kampeni ya kumaliza TB ya ng'ombe. Kipimo kilikuwa kilekile cha ngozi: unakusanya ng'ombe kutoka malisho makubwa yasiyo na mwisho, unawadunga, halafu baada ya siku tatu uwakusanye tena walewale usome uvimbe. Mwenye kuchunga anaijua kazi hiyo. Miaka ya 1980 wataalamu wa shirika la utafiti la huko, CSIRO, wakaja na wazo jingine: tuchukue damu mara moja, ng'ombe aende zake, na tumuulize maswali ndani ya chupa.

Wazo lenyewe ni hivi. Katika damu mna askari, chembe nyeupe, na baadhi yao wana kumbukumbu. Askari aliyewahi kukutana na kiini cha TB akionyeshwa kipande chake tena, hupiga kelele. Kelele hiyo ni kemikali iitwayo intaferoni-gama, nayo inapimika maabara. Askari asiyewahi kumwona adui huyo hunyamaza. Mwaka 1997 Australia ilitangazwa kuwa haina tena TB ya ng'ombe, na kipimo hicho cha damu kilikuwa na mchango wake. (Kwa upande wetu huku, maziwa yachemsheni. TB ya ng'ombe hupita humo.)

Kutoka kwa ng'ombe kikaletwa kwa binadamu kwa jina la QuantiFERON, na Marekani ikakiruhusu mwaka 2001. Lakini toleo hilo la kwanza lilitumia tuberkulini ileile, kwa hivyo shida ya chanjo ilikuwa bado ipo. Hapo ndipo historia ya BCG yenyewe ikaja kusaidia. Calmette na Guérin walikikuza kiini chao huko Lille kwa miaka 13, wakikihamisha chombo hadi chombo zaidi ya mara 200, mpaka kikapoteza ukali, kikatumika kwa watu mwaka 1921. Miaka ya 1990 wataalamu waligundua kwamba katika safari hiyo ndefu BCG ilipoteza kipande cha urithi wake ambacho kiini cha TB bado kinacho. Ndani ya kipande hicho mna maagizo ya kutengeneza protini mbili, ESAT-6 na CFP-10. Ukiwaonyesha askari wa damu protini hizo, chanjo haiwachanganyi tena. Matoleo ya baadaye yalijengwa juu ya hizo, na pia kipimo cha T-SPOT kilichotokana na utafiti wa Oxford, ambacho chenyewe huhesabu askari wanaopiga kelele.

Toleo la sasa la QuantiFERON hutumia chupa ndogo nne, mililita moja moja. Mbili zina protini za TB, moja haina kitu, na moja ina dawa ya kuwaamsha askari wote ili tujue kama kinga ya mtu iko macho. Kama hawaamki hata kwa hiyo, maabara haitasema ndiyo wala hapana. Damu hukaa kwenye joto la mwili kwa saa 16 hadi 24, na hapo ndipo ugumu ulipo kwetu: umeme, mashine, mtaalamu. Si kila zahanati inaweza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kipimo hiki, cha damu au cha ngozi, hakiwezi kutofautisha TB iliyolala na iliyoamka. Kinasema tu kwamba mwili unamkumbuka adui. Ndiyo maana ukipatikana nayo lazima uulizwe dalili, na mara nyingi upigwe picha ya kifua. Wala hakisemi nani ataugua. Hilo wataalamu bado wanalihangaikia. Huko Afrika Kusini walifuatilia vijana zaidi ya 6,000, na mwaka 2016 wakatoa alama za jeni kwenye damu zinazoashiria anayekaribia kuugua. Lakini matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kuwapa dawa ya kinga watu waliochaguliwa kwa alama za namna hiyo hakukupunguza ugonjwa. Kazi inaendelea.

Wazazi, kama nyumbani mna mgonjwa wa TB, msikae mkingojea kipimo cha damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa, na mwenye virusi vya Ukimwi, wapewe dawa ya kinga hata bila kipimo, baada ya kuhakikisha hawana TB iliyoamka. Najua mama atauliza, "Mtoto wangu anacheza, mbona mnampa dawa?" Ni kwa sababu mtoto mdogo akiugua, TB yaweza kupanda hadi kwenye ubongo kabla hamjajua linaloendelea.

Vijana nao wameniuliza juu ya saumu. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu hapa Pwani tunayafuata, kutolewa damu hakufunguzi. Wa madhehebu mengine na wamuulize sheikh wao. Na dawa yenyewe ya kinga, ile ya kila siku hunywewa mara moja tu, na ile ya isoniazidi pamoja na rifapentini ni mara moja kwa wiki, dozi 12 basi. Zungumzeni na daktari muinywe usiku. Rifapentini hugeuza mkojo na machozi kuwa rangi ya chungwa, msishtuke. Lakini macho yakiwa manjano, au ukatapika na tumbo likauma, acha dawa na urudi hospitali siku hiyohiyo, usingojee Idi.